Mapanki ya Albamu

Wiki mbili zilizopita tulikuwa Kirumba, hapa Mwanza, tunasubiri sato atoke kwenye mafuta, rafiki yangu akatamka kwamba The Joshua Tree ndiyo albamu bora ya miaka ya themanini. Nikamwambia ile si albamu, ile ni sangara. Akaitazama chupa yangu kuona nakunywa nini. Nilikuwa nakunywa soda.

Nieleze kwa wasio wa huku. Sangara akifika kiwandani anakatwa minofu, minofu inagandishwa, inakwenda Ulaya. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia. Hayo ndiyo mapanki, na hayo ndiyo yanayorudi kwetu. Yapo mapanki ambayo hata paka anayaruka. Yapo pia ambayo yakiangukia mikononi mwa mama anayejua kukaanga, unafyonza kichwa hadi kwenye mashavu, na wala huna habari kwamba kuna mtu Ubelgiji anakula sehemu nyingine ya samaki huyohuyo.

Albamu nayo hivyohivyo. Redio inakata minofu, nyimbo tatu au nne za kupiga asubuhi na jioni, zilizobaki ni mapanki. Mimi albamu naipima kwa mapanki yake. Minofu nimeshalishwa hata bila kuomba.

Sasa chukua hiyo The Joshua Tree ya U2, ya mwaka 1987. Unaanza na Where the Streets Have No Name, inafuata I Still Haven't Found What I'm Looking For, inafuata With or Without You. Nyimbo tatu za mwanzo, mfululizo, minofu mitupu. Hapo redio imeshashiba na bado una nyimbo nane mbele yako. Running to Stand Still naipenda, One Tree Hill naipenda zaidi. Hizo nyingine nazisikiliza kwa adabu tu, kama mgeni aliyewekewa sahani ya pili. Rafiki yangu alitaja Bullet the Blue Sky mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa kidogo. Sato akaja, tukanyamaza.

Kipimo hiki nilikipata Igombe, kando ya Ziwa Victoria, kwa mjomba wangu, mwaka 1995, nikiwa na miaka 11.

Mjomba alikuwa amefanya kazi kwenye meli za mizigo, Mwanza na Kisumu, kabla hajanunua mtumbwi wake na kuwa mvuvi wa dagaa. Alipoiacha meli alishuka na redio kaseti ya spika mbili, na katoni ya kaseti 11 alizouziwa Kisumu na baharia mwenzake. Zote zilikuwa za kunakiliwa, majina yameandikwa kwa kalamu ya bluu, mengine kwa makosa. Mji wetu unaitwa Rock City kwa sababu ya mawe, si kwa sababu ya magitaa. Sijui nyumba nyingine Igombe iliyokuwa na Pink Floyd chini ya kitanda.

Mvuvi wa dagaa anaishi kwa kufuata mwezi. Wakati wa giza anaingia ziwani jioni na karabai zake, dagaa wanaufuata mwanga, alfajiri anarudi. Mbalamwezi ikitoka, karabai inakuwa kama kibatari kilichowashwa mchana, dagaa hawana sababu ya kuja. Siku hizo mitumbwi inavutwa mchangani, watu wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na wake zao. Na mjomba anafungua redio. Kwa hiyo muziki wa rock nimeujua kwenye mbalamwezi. Hadi leo nikisikia gitaa la umeme likivuta sauti ndefu, naona uwanja mweupe na kivuli cha mpapai.

Redio ilikula betri kubwa sita. Zikianza kuchoka tulizianika mchana juu ya jiwe, pembeni ya dagaa wa mwisho waliokuwa bado wanakauka, na jioni zilikuwa na nguvu ya kusogeza tena kaseti moja au mbili. Ndipo ikaja sheria: hakuna kuruka wimbo, hakuna kurudisha mkanda kwa redio. Kuzungusha mkanda kunakula betri kuliko kuimba. Ukitaka kurudisha, chukua kalamu ya Bic, zungusha mpaka kiganja kiume. Ukiweka kaseti umeweka. Utakula na miiba.

Brothers in Arms ya Dire Straits, 1985, ndiyo iliyopigwa zaidi. Historia inaikumbuka kama albamu ya kwanza kuuza sidii milioni moja, nasi hatukuwahi kuiona sidii hata kwa mbali. Lakini watu wa kaseti tulipunjwa kidogo kuliko wa santuri. Santuri ilikuwa finyu, baadhi ya nyimbo zikakatwa ziweze kuenea. Kwenye kaseti zilibaki na urefu wake. Why Worry inakaribia dakika nane na nusu, na mama mkubwa aliitumia kama saa: ikianza anabandika maji ya ugali, ikiisha maji yanatokota. Mimi nasema ni ndefu mno. Mama mkubwa hakuwahi kulalamika.

Mark Knopfler anapiga gitaa kwa vidole vitupu, bila kidude cha plastiki, na mjomba aliligundua hilo kwa sikio kabla sijalisoma popote. Alisema: "Huyu mzungu amepita kwa Franco." Alimaanisha zile noti za gitaa la Franco wa Kongo, zinazodondoka moja moja, safi, kila moja ina mahali pake, kama solo ya muziki wa dansi. Watu wa rock wenyewe hawakuwa mbali na hayo. Mwaka 1989 kampuni ya Real World, ya Peter Gabriel, ilitoa albamu ya Remmy Ongala na Super Matimila, Songs for the Poor Man. Kabatini kwangu hiyo inakaa katikati ya Dire Straits na Queen, na sijaona ikigombana na jirani yeyote.

Upande A wa Brothers in Arms ndio minofu: Money for Nothing, Walk of Life, So Far Away. Upande B una nyimbo nne tu, na ndio upande ninaoutetea mbele ya mtu yeyote. Ride Across the River, The Man's Too Strong, One World, halafu wenyewe Brothers in Arms. Isipokuwa One World, ambayo ni ya kujazia, upande ule unakwenda taratibu kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama, imebakiza safari fupi tu kufika Mwanza. Mjomba alikuwa na watu wake mle, watu wa zamani wa meli na bandari. Mbalamwezi iliyofuata hakufungua redio. Iliyofuata tena hakufungua. Ya tatu, usiku, akaketi nje, akaweka ile kaseti upande B, akausikiliza wote kuanzia mwanzo, akaizima redio kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefumba macho ya mtoto aliyelala. Hatukuongea. Kuanzia hapo Brothers in Arms kwangu si albamu ninayoweza kuijadili kwa haki, naomba niwekwe pembeni kama shahidi mwenye maslahi.

Turudi kwenye mambo mepesi. Thriller ya Michael Jackson, 1982, ina nyimbo tisa na saba kati yake zilitolewa kama singo. Huyu ni sangara aliyebakiwa na mapanki mawili tu, Baby Be Mine na The Lady in My Life, na yote mawili yanalika. Tatizo lake liko kwenye minofu. The Girl Is Mine, ambao ndio waliutanguliza sokoni, ni watu wazima wawili wenye pesa, Jackson na Paul McCartney, wanagombania msichana kwa sauti ya kubembelezana, na hakuna anayemuuliza msichana. Lakini ule mwisho wa Wanna Be Startin' Somethin', pale wanapoitikia kwa lugha inayofanana na ya kwetu, ulituinua vitini. Ni ya Mkameruni, Manu Dibango, kutoka Soul Makossa ya mwaka 1972, na kesi aliyomfungulia Jackson ilimalizwa kwa makubaliano. Mjomba alijua ni makossa tangu siku ya kwanza. Hakuhitaji mwanasheria.

Queen nao. Freddie Mercury alizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na kila Mtanzania anayejua hilo anakuambia kana kwamba alikuwepo wodini. A Night at the Opera ni ya 1975. Jioni moja Bohemian Rhapsody imefika katikati, wameanza kuitana "Bismillah", mzee mmoja jirani akasimama nje ya ua. Akasikiliza. "Hiyo kaswida ya wapi?" Mjomba akamjibu bila kutabasamu: "Ya Unguja."

Upande A wa albamu ile ni kachumbari, kila kitu kimekatwakatwa humo. Wimbo wa mpiga ngoma wao kuhusu mapenzi ya mtu kwa gari lake hauwezi hata kuitwa mapanki, yale ni magamba. Lakini ndani ya kachumbari hiyo kuna '39, ya Brian May, watu wanasafiri kwenda kutafuta dunia nyingine, wakirudi kwao wao wamezeeka kidogo tu, na waliowaacha wameshazikwa. Na upande B unaanza na The Prophet's Song, dakika nane na ushee, ambao naupenda kuliko Bohemian Rhapsody. Nimeshalisema. Mnisute mkipenda.

Kaseti ambayo mjomba hakuijua hadithi yake ni Rumours ya Fleetwood Mac, 1977. Mimi mwenyewe niliisoma nikiwa mkubwa. Bendi ya watu watano. John na Christine McVie, mtu na mkewe, wameachana. Lindsey Buckingham na Stevie Nicks, mapenzi yao yamekufa. Mick Fleetwood, mpiga ngoma, nyumba yake inabomoka. Wote wamo studio moja, wanatunga nyimbo za kusemana. Buckingham anaandika Go Your Own Way kumsema Nicks, na Nicks inambidi asimame amwitikie. Christine anaandika You Make Loving Fun kuhusu mwanamume mwingine, na mpiga besi ni yuleyule mume aliyeachana naye. Mwenyewe alimwambia John kwamba wimbo unamhusu mbwa wake.

Mtumbwi wa mjomba ulikuwa wa watu wanne. Kuna msimu alivua na shemeji yake ambaye walikuwa hawasalimiani, ugomvi wa mashine ya boti na pesa ambayo kila mmoja alisema ni yake. Wavu wa dagaa lazima uvutwe pande zote mbili kwa pamoja, upande mmoja ukichelewa dagaa wanamwagika. Basi walivuta. Kimya, usiku kucha, kila mmoja anaangalia mikono ya mwenzake kwa sababu uso hawezi kuuangalia. Wanafika mwaloni, wanagawana mapato, kila mtu njia yake. Mjomba aliwahi kusema hajapata kuvua vizuri kama msimu ule.

Ndiyo Rumours hiyo. Upande B unafunguliwa na The Chain, wimbo pekee humo wenye majina ya wote watano kama watunzi. Subiri ufike sehemu ya mwisho, kila chombo kinanyamaza, inabaki besi ya John McVie peke yake, noti chache zinazoshuka ngazi, halafu wengine wanarudi wanamvamia. Nikifika hapo naiona ile mikono kwenye wavu. Lawama yangu ni moja: wimbo wa Nicks, Silver Springs, waliutoa kwenye albamu kwa ajili ya nafasi, wakaupachika nyuma ya santuri ndogo ya Go Your Own Way. Ule ulikuwa mnofu. Wameutupa, wakatuletea I Don't Want to Know.

Betri zikifika mwisho sauti inaanza kuvuta. Freddie anakuwa mzee mwenye mafua, Michael Jackson anakuwa mjomba wake mwenyewe. Kaseti iliyovumilia betri mbovu kuliko zote ilikuwa ya Tracy Chapman, ile ya 1988 yenye jina lake. Behind the Wall hauna chombo hata kimoja, ni sauti tupu ya mwanamke anayesimulia ugomvi wa nyumba ya jirani na polisi wanaochelewa. Ukipunguzwa mwendo ndiyo kwanza unazidi kuuma. Nilipokuja kusoma kwamba Juni 11 mwaka huohuo, pale Wembley, kwenye tamasha la miaka 70 ya Mandela, diski ya kinanda cha umeme cha Stevie Wonder ilikosekana, ikabidi Chapman arudishwe jukwaani na gitaa lake tu kuziba pengo, sikushangaa. Hata redio ya Igombe ilijua kwamba umeme ukileta matatizo, anaitwa yule.

Kuna moja ambayo haikuwemo katonini na ilistahili kuwemo. Nebraska ya Bruce Springsteen, 1982. Alijirekodi nyumbani kwake New Jersey kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne, ziwe mfano tu wa kuwaonyesha bendi yake. Bendi ikajaribu, haikunoga, na ile kaseti yenyewe ndiyo ikageuzwa albamu. Niliisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka zaidi ya 30, kwenye simu, nimekaa Capri Point naangalia maji, nikajua huu ukungu wa sauti naufahamu. Albamu nyingine zote tulizipokea zikiwa nakala mbovu ya kitu kizuri kilichobaki kwa wenyewe. Hii hata kwa mwenyewe ilikuwa kaseti. Haina minofu hata kidogo, redio isingepata pa kukata.

Siku hizi programu za simu zinataka kunichanganyia nyimbo kama karata. Mwaka 2021 Adele alipotoa albamu yake iitwayo 30 aliomba Spotify waache kuchanganya nyimbo kila mtu anapofungua albamu, wakamkubalia. Sina mahaba makubwa na Adele, albamu yake nyingine, 21, imenichosha kwenye harusi zisizo na idadi, lakini kwa hilo namheshimu. Na hili si jambo la wazungu tu. Fid Q, rapa wetu wa hapahapa Mwanza, albamu yake aliiita Vina Mwanzo Kati na Mwisho. Jina tu linakuambia usiingilie katikati.

Nimeiacha moja makusudi. Kaseti namba saba, The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, 1973.

Nilipoanza sekondari mjomba aliniletea ganda lake nimtafsirie. Nikamwambia: upande wa giza wa mwezi. Akanyamaza kidogo, akapiga goti lake kwa kiganja. "Mjomba, hawa wazungu ni wavuvi!" Tangu hapo hakuna aliyeweza kumtoa hapo, na ukweli ni kwamba albamu ile haikumwangusha. Saa zinazolia zote kwa mpigo mwanzoni mwa Time ni kuamshwa kuingia majini. On the Run ni mashine ya boti iliyogoma kupoa. Zile sarafu na mashine za kuhesabia pesa kwenye Money ni mnunuzi na mzani wake, na mjomba alikuwa na maneno yake kuhusu mizani. The Great Gig in the Sky aliuogopa. Alisema huyo mwanamke ameambiwa mtumbwi haujarudi. Mwimbaji anaitwa Clare Torry, alilipwa pauni 30, hakupewa hata neno moja la kuimba, aliambiwa tu atoe sauti. Baada ya miaka thelathini na kitu alidai haki yake, na mwaka 2005 wakaelewana, jina lake likaandikwa kama mtunzi mwenza. Mimi nadhani mjomba alimwelewa mapema kuliko wote.

Kipimo changu cha mapanki kinagonga mwamba hapo. Nyimbo zimeungana, moja inaingia tumboni mwa nyingine, huoni pa kupitisha kisu. Yule si sangara. Yule ni dagaa, analiwa mzima na macho yake.

Sasa, aliyeinakili kaseti hiyo hakupenda kupoteza mkanda. Eclipse ilipofika kileleni, kabla mlio wa mwisho haujazimika, alikata, akajazia nusu ya wimbo wa Jim Reeves, yule Mmarekani wa nyimbo za polepole za country. Mimi nikakua nikiamini kwamba baada ya kelele zote zile Pink Floyd wanamleta Jim Reeves aje awatulize watu. Niliona ni uamuzi wa busara sana.

Mwaka 2006, nikiwa chuo Dar es Salaam, mwenzangu wa bwenini akaniazima sidii na hedifoni. Eclipse ikaisha. Jim Reeves hakuja. Yakaja mapigo ya moyo, yaleyale yaliyoifungua albamu, na chini yake, kwa mbali, sauti ya mwanamume inaongea. Nikairudisha mara nne. Ni mlinda mlango wa studio za Abbey Road, walimhoji wakamweka humo: anasema kwa kweli mwezi hauna upande wa giza, wote ni giza.

Nikapiga simu Igombe usiku uleule.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna. Nikamweleza yote, mapigo ya moyo, mlinzi, maneno yake neno kwa neno. Nikasikia upepo wa ziwa kwenye simu, na watu wanacheka kwa mbali. Palikuwa na mbalamwezi, ndiyo maana nilimpata nchi kavu.

"Huyo mlinzi hajavua hata siku moja," mjomba akasema. "Mwezi ungekuwa wote giza, si tungevua mwezi mzima?"

Kisha akauliza kama kwenye hiyo ya kwangu Jim Reeves naye yumo.